Sol ya Jenereta

Mwanamke yule alipiga hodi, akapiga tena, na mwanaume aliyekuwa ndani hakugeuka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo wake ukielekea mlangoni, na vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya meza tupu kana kwamba meza hiyo ina sauti.

Germaine, mke wake, alimwona mgeni kutoka pale alipokuwa anakaanga beignets, maandazi yake ya kuuza, kwenye pembe ya nyumba. Akaacha kijiko ndani ya mafuta, akaja mbio akijipangusa mikono.

"Eko anaomba," alisema haraka. "Ba tata akiombaka, hata nyumba ianguke hasikie."

Mgeni aliangalia vile vidole juu ya meza. "Anaombaka na vidole?"

Germaine alicheka kicheko kifupi, akaingia, akamgusa mume wake begani. Isidore akageuka, akamwona mwanamke mlangoni, akafungua tabasamu pana. "Karibu, mama, karibu! Nilikusikia, nilikuwa namaliza kidogo." Kisha akahamisha kiti chake, akampa mgeni kingine mahali ambapo mwanga wa mlango ungemwangukia usoni. Ndivyo alivyofanya kwa kila mtu siku hizi. Watu walidhani ni heshima.

Mgeni aliitwa Albertine. Alikuwa amevaa kitenge cheusi kilichopauka kwa kufuliwa sana, na alikuwa ametoka Kamatanda asubuhi ile na mfuko wa karanga kichwani.

"Haunijue," alisema. "Minye nilikuona zamani, ku ndoa moya ya hapa Shituru. Bibi-arusi alianza kuimba juu sana, juu mbaya, bantu wakaanza kucheka. Weye haukumukatala. Ulimufwata kule kule juu, mpaka bakanyamaza."

Isidore alikuwa anaangalia midomo yake. "Nakumbuka," alisema, na safari hii hakudanganya.

Albertine alifungua fundo la kitenge, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. Mwana wake Gracien alikuwa mchimbaji wa mikono. Shimo lilimwangukia kabla ya mvua kuanza. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na wimbo alioutunga mwenyewe, akaurekodi kule kule kwenye mashimo, na alikuwa amemwambia mama yake kwamba siku moja utapigwa na kinanda, siyo na makofi ya mikono mitupu. Jumamosi iliyokuwa inakuja, siku ambayo watu wa Likasi bado wanaiita siku ya posho, familia ingemaliza kilio na kuvua nguo nyeusi.

"Nataka bausikie na clavier," alisema Albertine. "Mara moya tu. Kisha nitavua hii nguo."

"Gracien alikuwa anapenda kula nini?" aliuliza Isidore.

Mwanamke alishangaa. Tangu msiba hakuna aliyemuuliza hivyo. "Bukari na ndakala, tule tusamaki tudogo. Lakini ndakala zenye kuungua kidogo. Alikuwa ananiambia: mama, usinipe zenye kupona."

Isidore alicheka taratibu. "Na nani ataimba?"

"Minye. Hakuna mwingine anaijua. Lakini ba Maestro, sauti yangu haiko na fasi. Leo inaanzia chini, kesho inaanzia juu. Niko na haya."

"Usikuwe na haya. Pale utaanza, minye nitakukuta pale."

Albertine akamkabidhi Germaine mfuko wa karanga kwa mikono miwili. Wimbo ukapitishwa kutoka simu hadi simu, mgeni akaaga. Germaine alibaki amesimama na karanga zake. Nje, beignets zilikuwa zimekwisha kuwa nyeusi.

"Utamukuta wapi?" aliuliza. Lakini alikuwa amempa mgongo, na Isidore hakujibu.

* * *

Isidore alikuwa amefanya kazi ujana wake wote kwenye broyeur, kinu kikubwa cha chuma kinachosaga mawe ya shaba kwa mipira ya chuma. Kiwanda cha shaba kilifungwa, broyeur ikakatwa ikauzwa kama vyuma chakavu, lakini ndani ya kichwa cha Isidore iliendelea kusaga. Ilisaga akila, ilisaga akilala. Sauti za watu zilimfikia kupitia mngurumo huo kama watu wanaoongea upande wa pili wa mto, na kila mwaka mto ulizidi kupanuka.

Danielle, binti yao, aliyekuwa amemaliza masomo ya ualimu na bado anangoja shule itakayomwita, ndiye aliyemwekea programu kwenye simu. Programu hiyo inasikiliza wimbo, kisha inaandika kwenye kioo toni yake na akodi zake, yaani zile sauti zinazobonyezwa pamoja. Danielle aliipanga iandike do, re, mi, kama baba yake alivyofundishwa. Mwanzoni ilikuwa ya kujifunzia nyimbo mpya. Sasa ilikuwa masikio.

Na Isidore hakuhitaji mengi. Kama wapiga vinanda wengi wa makanisa ya mji ule, vidole vyake vilijua njia moja tu, njia ya do. Toni nyingine zote alizipata kwa kitufe cha transposer: ukikibonyeza, kinanda chenyewe kinapanda au kushuka, na vidole vinabaki vinatembea palepale. Kwa hiyo swali lilikuwa moja. Toni gani? Simu ilijibu, kitufe kikabonyezwa, na watu wa mtaa wakaendelea kumwita Maestro, wakamwita kwenye ndoa na kwenye vilio, na Germaine akasimama sokoni kama mke wa Maestro.

Alhamisi, siku ya mazoezi ya kwaya, umeme ulikatika mjini. Isidore alipofika kwenye ukumbi wa parokia taa ya kinanda ilikuwa inawaka, hakuuliza umeme wake umetoka wapi. Aliegemeza simu nyuma ya kitabu cha nyimbo, karibu na dirisha, kama kawaida yake. Clovis, kiongozi wa kwaya, alitoa sauti ya kuanzia kwa mdomo, sopranos wakaidaka, na simu ikaandika: sol.

Isidore akabonyeza kitufe hadi sol, akaingia.

Alikuwa anaangalia kioo, siyo nyuso. Ndiyo maana alikuwa wa mwisho kujua. Alipoinua kichwa waimbaji walikuwa wamekwisha kunyamaza, mama mmoja wa mstari wa mbele ameziba sikio kwa kiganja, na yeye alikuwa anacheza peke yake, kwa furaha.

"Maestro!" Clovis alikuwa amefungua mikono. "Shiye tuko Likasi, weye uko unacheza ku Kolwezi!"

Ukumbi ukacheka. Isidore naye akacheka, maana aliona meno yao. Bertin, kijana mwalimu wa shule ya msingi ambaye alijifunza kinanda kwa kutazama video, alinyoosha mkono, akashusha kitufe.

"Ilikuwa fa, ba papa," alisema karibu na uso wake.

"Clavier imechoka," alisema Isidore. "Bitufe biko binaruka."

Bertin aliangalia kitufe, ambacho kilikuwa kizima, akarudi kwenye kiti chake.

Wimbo wa pili Clovis aliutolea sauti ya chini zaidi. Simu ikaandika: sol. Wa tatu: sol. Isidore alikuwa ameanza kutoka jasho. Aliifuta simu kwa shati, akaipuliza, akaisogeza karibu zaidi na dirisha ili ipate hewa. Sol.

Mwishoni Clovis alimshika kiwiko, akampeleka hadi nje, chini ya lile dirisha, akaanza kupiga kelele. Isidore alimsikia kila neno, akafikiri jamaa amekasirika sana.

"Ba Isidore! Kwaya inalalamika! Minye sipendi kukutosha kama kintu ya kutupa, weye njo ulinikuta hapa niko mutoto! Lakini Bertin anajua! Ukikosea tena mbele ya bantu, Bertin atakaa pale! Unanisikia?"

"Nakusikia muzuri."

"Bon!"

"Naomba clavier ya siku ya posho. Kuko mama moya wa Kamatanda, anamaliza kilio ya mutoto."

Clovis alikuna ndevu. "Clavier haitoke bila kwaya. Unajua kawaida. Tutakuya wote."

"Wote?"

"Wote, na Bertin. Juu ya nini, unaogopa?"

Isidore alisema haogopi. Njiani kurudi nyumbani alipita duka lake la kawaida bila kuwasalimu watu, wakadhani ana majivuno.

* * *

Jioni ile Danielle aliporudi kutoka kufundisha watoto wa jirani, alimkuta baba yake mezani na simu. Alikuwa ameufungua wimbo wa Gracien ndani ya programu, na uso wake ulikuwa umetulia kidogo.

"Sol," alimwambia. "Kutoka mwanzo mpaka mwisho, sol tupu. Mutoto hakusumbua."

Danielle alichukua simu, akaiweka sikioni. Sauti ya kijana ilikuja, nyembamba, inayopanda na kushuka kama mtu anayetembea juu ya mawe. Haukuwa wimbo wa sauti moja hata kidogo. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine, kizito, kisichopumua: pampu ya mota inayovuta maji kutoka shimoni. Iliunguruma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Danielle alijaribu kuimba na pampu ile, mdomo umefungwa. Akaangalia kioo.

Akaja mbele ya baba yake ili amwone midomo. "Papa, hii haisikie Gracien. Iko inasikia moteur."

"Moteur gani?"

"Moteur ya kuvuta mayi. Inalia nguvu kuliko mutoto. Programu inaandika ile yenye kulia nguvu." Kitu kilikuwa kinaingia akilini mwake na hakukipenda. "Papa, leo ku répétition ya kwaya, groupe ya parokia ilikuwa inawaka? Karibu na dirisha?"

Isidore alimtazama. Alifikiria kwa bidii, kama mwanafunzi aliyeulizwa jambo ambalo kila mwenzake analijua.

"Sijue," alisema.

Danielle aliketi. Jenereta ile, groupe ya parokia, husikika hadi barabarani. Watu hulalamika juu yake kwa padri. Baba yake alikuwa amekaa kando yake mazoezi yote.

"Na sasa hivi? Kuko groupe inawaka hapa?"

Isidore alisikiliza. Ndani ya kichwa broyeur ilikuwa inasaga, kama jana, kama mwaka juzi. "Minye nasikiaka moteur siku yote, mutoto wangu," alisema polepole. "Sasa ile ya inje na ile ya mu kichwa, nitazijua tofauti je?"

Kwa jirani jenereta ilikuwa inanguruma tangu jua kuzama. Germaine, aliyekuwa anasonga bukari mlangoni, alitua mwiko.

"Niliona hii siku inakuya," alisema. Alikuja akasimama mbele ya mume wake, mikono kiunoni, akaongea kwa midomo mikubwa kama alivyozoea wanapokuwa peke yao. "Juu ya nini ulimwambia yule mama ndiyo?"

"Aliniomba."

"Na weye uliahidi na masikio ya nani?"

Isidore alitazama vidole vyake. Germaine akamwinua kidevu ili amwone.

"Clovis atakuwa pale, Bertin atakuwa pale, Kamatanda yote itakuwa pale. Bakijua, nani atakuita tena? Hata mu avenue hawatakuita Maestro. Watakuita Kiziwi. Na minye bibi ya Kiziwi. Nitapita ku soko namna gani? Useme uko mugonjwa. Malaria haiulizake muntu."

"Tunaweza kumutuma Bertin," alisema Danielle. "Anacheza muzuri, Papa. Mama Albertine hatakosa clavier."

"Bertin anacheza muzuri," alikubali Isidore. "Lakini anatoa ton, kisha anangoja muntu amukute. Yee hafwate muntu. Yule mama akianza chini, Bertin atamwambia: apana, mama, panda hapa. Mbele ya bantu. Na ile nguo nyeusi mu mwili."

Bukari ilipoa. Walikula hivyo hivyo. Baadaye Isidore aliibana simu kwenye mfupa nyuma ya sikio lake, mahali ambapo sauti ilikuwa bado inapenya kidogo, na Danielle akasimama nyuma yake akimgonga bega kila wimbo ulipogeuka. Bega la kulia ulipopanda, la kushoto ulipoteremka. Kabla ya kulala Isidore alijua mwendo wote wa wimbo wa Gracien. Alichokosa ni mahali pa kuanzia, na hilo hakuna aliyelijua, hata mwenye kuimba.

* * *

Ijumaa Germaine hakukaanga kitu. Alifunga kitambaa kichwani, akapanda pikipiki, akaenda Kamatanda kumwambia Albertine kwamba Maestro amelala na homa. Maneno aliyapanga njiani, akayarudia, hata mwendesha pikipiki akageuka kumuuliza kama anasema naye.

Uani kwa Albertine wanawake walikuwa wanachekecha unga. Hema la plastiki lilikuwa limeanza kufungwa kwenye miti. Albertine alikuwa peke yake nyuma ya jiko, uso ukutani, anaimba chini kwa chini. Alifika mstari wa pili akakata. Akaanza tena, chini kuliko mara ya kwanza, akakata palepale.

"Mama Albertine," alisema Germaine.

Yule akageuka, akafuta macho, na uso wake wote ukafunguka. "Ba mama! Ulikuya kusaidia!"

"Nilikuya..."

"Aksanti. Aksanti sana. Unaona, ndugu ya bwana wangu alikatala kukuya. Alisema mutoto wa mashimo hapigiwake clavier, clavier ni ya bantu ba kazi. Nikamwambia: Maestro wa Shituru mwenyewe ataipiga. Maestro hakuniuliza hata Gracien alikuwa nani. Aliniuliza alikuwa anapenda kula nini." Akacheka na kulia pamoja. "Nilifikiri: huyu muntu anataka kumujua mutoto wangu."

Kisha akamwekea Germaine chekeche mikononi.

Germaine alirudi nyumbani jua likiwa limeanza kushuka, mikono yake myeupe hadi kwenye viwiko. Isidore na Danielle walikuwa wanamngoja mlangoni.

"Ulimwambia?" aliuliza Danielle.

"Nilimuchekechea unga," alisema Germaine kwa hasira, akapita katikati yao akaingia ndani.

* * *

Asubuhi ya siku ya posho Germaine aliichukua redio yake ndogo, ile anayoisikiliza anapokaanga, akaifungua nyuma, akatoa betri zote. Alizifunga ndani ya leso, akampa mume wake.

"Ya nini?"

"Clavier ya parokia inatumikaka na mapile pia. Ulinionyesha zamani." Hakumtazama. "Ujue tu, minye sitaki. Sitaki hata kidogo. Lakini kama utaanguka, usianguke juu ya kukosa mapile."

Ua wa Albertine ulikuwa umejaa. Kwaya ilikaa upande mmoja, na spika mbili ndefu zilisimama mbele ya hema, na nyuma ya jiko jenereta ya kukodi ilikuwa inatoa moshi na kelele. Shemeji wa Albertine alikuwa amekuja hata hivyo. Alikaa mbele na viatu vyeusi vinavyong'aa, mikono imekunjwa kifuani. Bertin aliketi kwenye benchi moja na Isidore, kwa amri ya Clovis, "ya kusaidia Maestro kama clavier inaruka tena".

Baada ya sala, Albertine alisimama. Watu wakanyamaza. Isidore aliangalia mdomo wake ukifunguka, akaangalia simu aliyokuwa ameificha nyuma ya kitabu.

Sol.

Kidole chake kilikuwa kimekwisha kufika kwenye kitufe. Alijua ile sol. Sasa alijua hata sura yake: mashine inayovuta maji, mashine inayotoa umeme, broyeur iliyokatwa vipande. Kama angeibonyeza, mama huyu angekuwa peke yake upande huu na kinanda upande ule, mbele ya viatu vile vinavyong'aa. Kama asingecheza kabisa, Clovis angempa Bertin ishara, na Bertin angesema kwa upole: panda hapa, mama. Danielle alikuwa amesimama karibu na jiko, amekaza macho kwake. Germaine alikuwa ameinamisha kichwa.

Isidore aliondoa mkono kwenye kinanda, akauinua juu.

"Mama, ungoja kidogo," alisema. Kwa sababu hakuisikia sauti yake mwenyewe, alisema kwa nguvu, na ua wote uligeuka. Alitoa simu nyuma ya kitabu, akaisimamisha juu ya kinanda, wazi, mahali ambapo kila mtu aliiona. "Muzimishe groupe."

"Maestro!" Clovis aliruka, akaonyesha zile spika. "Na baffles je? Bantu ba nyuma hawatasikia!"

"Muzimishe. Clavier iko na mapile."

Mtu mmoja wa nyuma alisema kitu na wengine wakacheka. Danielle hakungoja ruhusa. Alienda nyuma ya jiko, akainama, akazima.

Kimya kilichoanguka kilikuwa kikubwa. Mtoto alikohoa, na kikohozi kile kilisikika kama kimepigwa na spika. Kuku walisikika. Turubai la plastiki la hema lilisikika. Kila mtu pale alikuwa anangoja Maestro aanze, na Maestro alikuwa amekaa mkono bado juu, uso wake unazunguka kutoka mtu hadi mtu. Nyuma ya jiko hakuweza kumwona Danielle. Ndani ya kichwa chake mngurumo haukuwa umepungua hata kidogo.

"Ilishazimika?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Swali lilipita uani polepole, likagusa kila mtu, na mtu mmoja mmoja akalielewa. Mama wa kwaya aliyeziba sikio siku ya mazoezi aliweka kiganja mdomoni. Clovis aliangalia kinanda, akaangalia simu, akaangalia masikio ya mzee huyo kana kwamba yameota asubuhi ile. Shemeji wa Albertine alikunjua mikono yake.

"Naomba muniambie," alisema Isidore. "Ilishazimika ao bado?"

Bertin ndiye aliyeinama mbele yake, ili midomo yake ionekane. "Ilishazimika, ba papa," alisema. "Kuko kimya."

"Aksanti." Isidore akamgeukia mwanamke mwenye kitenge cheusi. "Anza, mama. Pale unataka."

Albertine alianza. Alianzia chini, chini kuliko mwanamke anavyoanzia, karibu na mahali pa kuongea. Simu ilitulia, ikajaribu jina moja la sauti, ikafuta, ikaandika: la. Isidore akabonyeza kitufe, akashusha vidole, akaingia chini yake taratibu kama mtu anayeweka mkono chini ya kitu kinachotaka kuanguka.

Kinanda hakikuwa na sauti kubwa bila spika. Watu wa nyuma walisimama, wakasogea, wakajazana karibu ili wasikie. Kwenye mstari wa pili, pale alipokuwa anakata kila mara, sauti ya Albertine ilitetemeka, ikateremka, ikaacha toni yake kabisa. Kioo kikabadilika: la bémol, nusu toni chini ya la. Isidore alikwisha kuona shingo yake ikilegea kabla simu haijaandika. Akashuka naye. Hakuna aliyecheka. Wimbo wa Gracien ulisema mambo ya kawaida, kwamba ardhi ni baridi asubuhi, kwamba mama amtunzie ndakala zenye kuungua, na ulipofika hapo Albertine alitabasamu katikati ya kuimba, na sauti ikapata nguvu, ikamaliza.

Isidore aliendelea kubonyeza akodi ya mwisho hadi kioo kilipokuwa kitupu. Kisha akaondoa vidole.

Aliona watu wanafunika nyuso. Aliona Albertine anafungua fundo la kitenge cheusi, na dada zake wanakuja na kingine cha rangi ya chungwa, wanamfunika. Germaine alikuwa amesimama katikati ya wanawake wa kwaya. Mmoja wao alimwambia kitu, Germaine akajibu kifupi, kidevu juu. Isidore hakuweza kusoma midomo yake kutoka mbali hivyo.

Clovis alikuja hadi mbele ya kinanda. Alisimama, akasema kitu kirefu huku akiangalia chini, na chote kikapotea. Isidore aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekwisha kuelewa alipomwona akija.

Juu ya kinanda neno lile lilirudi kwenye kioo: sol. Isidore akajua kwamba jenereta imewashwa tena, na kwamba kwaya inaendelea na nyimbo zake. Alizima simu, akaitia mfukoni, akajisogeza hadi mwisho wa benchi, akampigia Bertin kiganja mahali palipobaki joto, mbele ya kinanda, ili akae pale.